Kabla hujaipenda nyumba ya Houston, uliza basi na maji

Anayehamia Houston, jimbo la Texas nchini Marekani, kutoka Nairobi, Dar es Salaam au Bukavu huanza kutafuta nyumba kwa picha za kwenye simu: jiko jipya, zulia safi, bwawa la kuogelea katikati ya ua. Katika ofisi yetu ya ushauri wa makazi huwa tunamwomba aiweke simu kando kwanza, kisha tunamuuliza mambo mawili ambayo picha hazisemi. Kazini utafikaje? Na mvua kubwa ikinyesha, maji hupita wapi?

Aliyeletwa kama mkimbizi, tuseme kutoka kambi ya Nyarugusu, kwa kawaida hukuta nyumba ya kwanza imeshatafutwa na shirika lililompokea. Kwake uchaguzi huanza mkataba wa kwanza unapokaribia kuisha, na hapo ana nafuu kubwa: ameshajua kazi yake iko upande gani. Aliyekuja kwa bahati nasibu ya viza au kwa masomo hujichagulia mwenyewe, wakati bado hajui lolote. Huyo tunamshauri asitie saini mkataba wa mwaka mzima akiwa bado Afrika. Ajibanze kwa ndugu au apange chumba cha muda, wiki mbili tatu, ndipo aamue. Na yeyote anayemtaka atume pesa ili ashikiwe nyumba asiyoiona, aachane naye.

Houston imejitandaza kwenye zaidi ya kilomita za mraba 1,600. Mabasi ya METRO yapo, nauli ya kawaida ni dola 1.25, lakini si kila njia ina mabasi ya kutosha. Mtandao ulipopangwa upya mwaka 2015, njia zilipewa rangi kwenye ramani: nyekundu basi huja kila dakika 15, bluu kila nusu saa, kijani kila saa. Nyumba ya kodi nafuu kando ya njia ya kijani inaweza kukukosesha kazi yenyewe, maana basi moja likikupita saa nzima imekwenda. Kama zamu yako ghalani inaisha saa nane usiku, uliza kwanza basi la mwisho hupita saa ngapi, ya kodi yaje baadaye. Umbali wa kwenda kituoni nao upime kwa miguu yako. Mwezi wa Julai joto hufika nyuzi 35, na barabara nyingi hazina njia ya waenda kwa miguu. Gari utanunua, karibu kila mtu hapa hununua mwishowe, ila lina bima ya lazima, na miezi ya mwanzo hela hiyo haipo.

Suala la maji ni zito zaidi. Mji ni tambarare, na mvua yake huondolewa na mito iendayo polepole, wenyeji huiita bayou, ambayo ikijaa humwaga mitaani. Kimbunga Harvey kilipopiga Agosti 2017, nyumba zaidi ya 150,000 ziliingia maji katika Kaunti ya Harris, ambamo sehemu kubwa ya Houston imo, na zaidi ya nusu ya hizo zilikuwa nje ya eneo ambalo ramani rasmi huliita la hatari. Bei nayo si kinga. Meyerland, mtaa wa watu wenye uwezo kando ya Brays Bayou, ulifurika mwaka 2015, ukafurika 2016, ukafurika tena 2017. Utasikia pia maneno "mafuriko ya miaka 100" ukadhani ni jambo la mara moja kwa karne. Maana yake ni kwamba kila mwaka kuna uwezekano wa asilimia 1, na kwa miaka 30 hesabu hiyo hufika karibu robo.

Tangu Januari 2022 sheria ya Texas inamtaka mwenye nyumba amwambie mpangaji kwa maandishi kama anajua nyumba imo katika eneo la mafuriko hayo ya miaka 100, na kama iliingia maji ndani ya miaka 5 iliyopita. Karatasi hiyo idai kabla ya kutia saini. Bima ya kawaida ya mpangaji hailipi hasara ya mafuriko. Ya mafuriko hununuliwa peke yake, na kwa kawaida huanza kufanya kazi baada ya siku 30, kwa hiyo usingoje kimbunga kitangazwe. Ukikaa ghorofani godoro lako litabaki kavu, lakini gari hulali nalo juu.

Swali tunaloulizwa kuliko yote ni hili: watu wetu wanakaa wapi? Wengi wako kusini-magharibi, Gulfton, Sharpstown na Alief. Majengo ya Gulfton yalijengwa kwa ajili ya vijana waliofuata kazi za mafuta. Biashara ya mafuta ilipoanguka miaka ya 1980, kodi zikashuka na wahamiaji wakaingia. Mimi nasema mwaka wa kwanza kaa karibu na wenzako. Atapatikana wa kukuangalizia mtoto, na wa kukupa lifti alfajiri. Ila ukimuuliza dalali "Waafrika wako wapi?" au "Waislamu wako wapi?", atakwepa, nawe utamwona ana dharau. Sheria ya mwaka 1968 inakataza ubaguzi katika makazi, na kumwelekeza mteja mtaa fulani kwa rangi au dini yake ni kosa. Muulize msikiti, kanisa au duka viko wapi, hayo atakujibu.

Shule ya serikali ya mtoto hufuata anwani, basi hakiki shule ya anwani hiyo hasa, hata kama ng'ambo ya barabara kuna nzuri zaidi.

Mtaa uliokupendeza uende mara tatu: asubuhi ya siku ya kazi, usiku, na siku moja baada ya mvua kubwa. Tazama kama maegesho bado yana madimbwi, na kama ukuta una mstari wa maji chini ya rangi mpya. Kisha ingia chumba cha kufulia cha jengo, umwamkie yeyote utakayemkuta na nguo zake, umuulize mwaka ule wa Harvey maji yaliishia wapi.