Grisi ya Mipira ya Plagi na Koili: Ijue Kabla ya Kuipaka

Gari likimisi, yaani injini ikikatakata kwa kukosa cheche, asubuhi yenye unyevu, au mara tu baada ya injini kuoshwa, kisha likatulia joto likipanda, anza kuangalia mpira unaofunika kichwa cha plagi kabla hujaenda mbali. Umeme unaotoka kwenye koili, kifaa kinachoukuza umeme wa betri na kuupeleka kwenye plagi, ni mkali sana. Katika magari mengi hufika kati ya volti 15,000 na 40,000. Umeme wa nguvu hiyo haukosi upenyo. Ukikuta utando wa maji kati ya mpira na kauri nyeupe ya plagi, unateremkia hapo hadi kwenye chuma cha injini, na ndani ya silinda cheche haipatikani.

Ubaya ni kwamba haupiti bure. Kila ukipita unaunguza uchafu na ngozi ya mpira, na kuacha mstari mweusi mwembamba kama unywele. Mstari huo ni kaboni, na kaboni inapitisha umeme. Tangu hapo hata siku kavu umeme una njia yake ya mkato. Utaona gari likimisi hasa unapokanyaga mafuta kupanda mlima, kwa sababu mgandamizo ndani ya silinda ukiongezeka, cheche inahitaji volti nyingi zaidi kuruka, na njia ya mkato inakuwa rahisi kuliko ncha za plagi.

Grisi tunayoihitaji hapa ni ya silikoni, ile isiyopitisha umeme. Ni mafuta ya silikoni yaliyokazwa kwa unga laini wa silika. Haiyeyuki ovyo kwenye joto la injini na haichanganyiki na maji. Inaziba upenyo kati ya mpira na kauri, na inazuia mpira usigande kwenye plagi hadi ukachanika siku ya kuuvuta. Wapo wanaoamini kwamba inasaidia umeme kupita, wakaijaza hadi kwenye springi ya koili. Hapana. Umeme unapita pale chuma kinapogusa chuma, kwa hiyo sehemu hizo ziache safi.

Kosa ninaloliona likirudiwa zaidi ni kuchovya kidole kwenye kopo la grisi ya beringi. Grisi hiyo imetokana na mafuta ya petroli, na mipira mingi ya plagi, hasa ya aina ya EPDM (mpira wa kutengenezwa kiwandani), ikikaa na mafuta hayo huvimba, hulegea na kupoteza mshiko. Umezuia maji leo, ukaharibu kizibo chenyewe. Vaselini ni jamaa yake, na juu ya hapo huyeyuka mapema na kutiririka. Hatari kubwa kuliko zote ni grisi ya kopa, ile ya kuzuia boliti zisigande: ina chembe za chuma, na ukiipaka kwenye kauri umeutengenezea umeme barabara kwa mkono wako. Paste nyeupe ya kupozea inayowekwa chini ya moduli ya distributa (kifaa kinachogawa umeme kwa plagi kwenye magari ya zamani) nayo ina kazi nyingine, ya kuhamisha joto, usizibadilishane.

Koili za kisasa zina jambo jingine. Nyingi zina mpira ambao wenyewe ni wa silikoni, na mafuta ya silikoni yakiwa mengi yanaweza kuupenya na kuulainisha. Ndiyo maana wapo watengenezaji wanaoelekeza grisi yenye florini, ambayo ni ghali lakini haiugusi mpira huo. Soma kitabu cha gari, na kikitaja aina ya grisi, fuata hiyo.

Kupaka kwenyewe ni kazi ndogo. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, zungusha mpira kidogo kwanza ndipo uuvute, wala usivute waya. Futa kauri hadi ing'ae. Kwa kijiti safi, paka utando mwembamba ndani ya mdomo wa mpira, kuzunguka, bila kufika kwenye chuma. Ukiurudisha, huenda ukasukumwa juu wenyewe: ni hewa iliyonaswa ndani. Ingiza kijiti hicho ukingoni hewa itoke, kisha sukuma hadi usikie umeshika.

Usiipake kwenye meno ya plagi, yale yanayojifunga kwenye injini, wala karibu na mfumo wa hewa. Silikoni ikiungua ndani ya injini huacha silika inayofunika sensa ya oksijeni na kuiua. Iepushe pia na swichi na relei zinazotoa cheche, kwa sababu huko hugeuka ukoko unaozuia umeme.

Na kama mstari mweusi umeshachoreka au mpira umepasuka, hakuna grisi itakayouponya. Badilisha mpira, na plagi pia iwapo kauri yake imechorwa. Ukikuta tundu la plagi limejaa oili, shughulikia kwanza gasketi ya tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini), maana mpira mpya ukiwekwa juu ya oili hiyo utavimba vilevile.