Data za maonesho ya sayansi: namba usiyoipenda haifutwi

Malalamiko ya wazazi na walimu kila msimu wa maonesho ya sayansi hapa Mwanza yanafanana: bango limependeza, mtoto ameeleza bila kubabaika, mbona alama chache? Mara nyingi jibu liko kwenye jedwali. Jaribio limefanyika, uchambuzi haukufanyika.

Chukua mradi unaofaa shule yoyote ya kando ya ziwa: je, dagaa wa kwenye chanja hukauka kuliko wa mchangani? Mwanafunzi anapima mafungu 10 ya dagaa wabichi, gramu 100 kila moja. Matano anayaanika chanjani, matano mchangani, saa zilezile, kisha anayapima tena. Tuseme chanjani amepata gramu 31, 33, 30, 34 na 32; mchangani 38, 41, 35, 47 na 39. Wastani ni 32 na 40. Wengi huishia hapo na kuandika "chanja imeshinda".

Wastani peke yake hausemi namba zimetawanyika kiasi gani. Chanjani zimeachana kwa gramu 4, mchangani kwa gramu 12. Kwa kidato cha tatu kwenda juu tunataka pia mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha mtawanyiko huo: toa wastani kwenye kila namba, zidisha kila tofauti kwa yenyewe, jumlisha, gawa kwa idadi ya mafungu ukipunguza moja, tafuta kipeuo cha pili. Chanjani ni 10 gawa kwa 4, yaani 2.5, na kipeuo chake ni 1.6. Mchangani ni 80 gawa kwa 4, yaani 20, na kipeuo ni 4.5. Kwenye Excel tumia STDEV.S, STDEV.P ni ya pale ulipopima vyote vilivyopo, nawe hukupima dagaa wote wa ziwa.

Sasa ile 47. Hapa ndipo wanafunzi wengi huharibu, na inasikitisha kwamba baadhi hushauriwa na watu wazima: "Ifute, inaharibu grafu." Haifutwi. Inatafutiwa sababu. Dagaa wa mchangani hubeba mchanga, na mzani hautofautishi mchanga na maji. Ukishapima, suuza fungu hilo kwenye beseni, acha mchanga utuame, mwaga maji taratibu, kausha mchanga na uupime. Ukiwa gramu 6, umepata maelezo, na pengine ugunduzi mzuri kuliko swali lako la mwanzo. Usafishe mafungu yote matano hivyohivyo, si lile linalokukera tu. Usipopata sababu, namba inabaki na unaitaja.

Kuchota konzi tano kutoka chanja moja si majaribio matano. Ni jaribio moja lililopimwa mara tano, maana upepo wa ziwani na jua vimezipiga konzi zote kwa pamoja. Kila fungu liwe na chanja yake ndogo, na nafasi za kuanikia zipangwe kwa kura, chanja zote zisiishie upande wenye upepo.

Mzani unaosoma gramu nzima haukupi haki ya kuandika 32.4857. Andika 32, au 32.0 ukitaka desimali moja ya wastani.

Chanja na mchanga ni makundi, kwa hiyo ni grafu ya mihimili inayoanzia sifuri. Ukianzia 30, mhimili wa mchangani utaonekana mrefu mara tano ya ule wa chanjani. Grafu ya mstari ni ya uzito uliopimwa kila baada ya saa moja.

Kuhusu daftari, tafadhali tuelewane. Liandikwe kwa kalamu ya wino, siku ileile, na tarehe, saa na hali ya hewa. Kosa likatwe kwa mstari mmoja ili namba ya zamani isomeke, ya sahihi iandikwe pembeni, na saini. Wino wa kufutia hautakiwi. Kurasa zikichanwa, au namba za bango zikitofautiana na za daftari, majaji huita mwanafunzi na mwalimu wake. Maelezo yasiporidhisha, mradi huweza kuondolewa kwenye ushindani. Nadharia tete, yaani jibu ulilolitabiri kabla ya kupima, kukataliwa na data hakupunguzi alama hata moja, licha ya uvumi unaorudiwa kila mwaka. Daftari lenyewe, si nakala iliyopigwa upya kwa usafi, liwe mezani mbele ya bango.