Je, wajua alama ya ^ humwambia nini mpiga kinanda cha filimbi?

Nilipofungua noti za kinanda cha filimbi, kile kinachopigwa kwa mikono na miguu, kwa mara ya kwanza, mistari ya chini kabisa, ile ya miguu, ilikuwa imejaa alama ya ^. Kwingineko katika muziki alama hiyo hudai mkazo, kwa hiyo kwa miezi kadhaa kila pedali yenye ^ niliikanyaga kwa nguvu. Nilikosea kabisa. Hapa ^ ni ncha ya mguu, na U ni kisigino. Ikiwekwa juu ya noti, kanyaga kwa mguu wa kulia; ikiwekwa chini, wa kushoto.

Na nguvu zangu hazikuongeza sauti hata kidogo. Pedali haigongi kitu kama nyundo ya piano igongavyo waya. Kazi yake ni kufungua vali, kijilango kinachoruhusu upepo uingie kwenye filimbi, na upepo huo umeshasukumwa tayari kwa shinikizo lilelile. Ni kama swichi ya taa: uiguse kwa kidole au uipige kwa kiganja, mwanga haubadiliki. Sauti kubwa hupatikana kwa kuongeza filimbi. Ila kwenye vinanda ambavyo pedali huivuta vali kwa vijiti vya mbao, kasi ya mguu huweza kugusa kidogo mwanzo wa sauti.

Sasa tazama noti mbili, E na F#, zikifuatana, alama zote juu: U, kisha ^. Kisigino cha kulia kinatua kwenye E, ncha ya mguu uleule inashuka kwenye F#, na sauti haikatiki. Mguu mmoja umefanya kazi ya vidole viwili!

Alama unazoziona kwenye noti za Bach, mtunzi Mjerumani wa karne ya 18, ziliongezwa na wahariri wa baadaye, na wengi wanaofuata upigaji wa zama zake hutegemea zaidi ncha.

Vibao vya pedali, yaani safu nzima za pedali, navyo havilingani. Ujerumani mara nyingi utakuta pedali 30, C hadi F, zimelala sambamba. Marekani, na mara nyingi Uingereza, ni 32, hadi G, za pembeni zimeinuka na zote zimetanuka kama upepeo, mtindo ambao Henry Willis, mjenzi wa vinanda wa Uingereza, aliutumia Liverpool mwaka 1855. Mguu unaofika pembeni kwa urahisi kwenye kibao kimoja hulazimika kujinyoosha kwenye kingine. Ndiyo maana mpigaji akihamia kinanda kipya huchukua penseli na kifutio, akafuta U hapa, akaandika ^ pale.