Rimoti iliyounguzwa na betri: pima kabla hujaiwasha tena

Betri ya kawaida ya AA ikiwa mpya hutoa takriban volti 1.5, kwa hiyo nne zikipangwa mfululizo ndani ya rimoti ya ndege au gari la mchezo hutoa volti 6. Betri ya lithiamu iitwayo 14500 ina umbo lilelile, unene wa milimita 14 na urefu wa 50, ila ikijaa chaji hutoa volti 4.2. Nne zake ni volti 16.8. Mwenye rimoti anazipachika na zinaingia bila ubishi. Anasukuma swichi, kioo kinamulika mara moja, halafu pua inapokea habari kabla ya macho.

Wengine hufikia hapohapo kwa pakiti za lipo, yaani betri za lithiamu-polima zenye seli kadhaa. Ile ya seli tatu huandikwa volti 11.1, lakini hiyo ni namba ya katikati. Ikitoka kwenye chaja ina 12.6. Ya seli mbili huandikwa 7.4 na hufika 8.4. Rimoti iliyotengenezwa kwa volti 6 haijali kilichoandikwa kwenye ganda la betri, inapokea kile kinachofika kwenye vituo vyake.

Ukishanusa harufu, zima na utoe betri. Kishawishi kikubwa ni kuweka betri sahihi na kujaribu kuwasha tena ili kuona kama bado iko hai. Tafadhali usifanye hivyo. Rimoti nyingi zinazoletwa kwetu hazikufa kwa kosa la kwanza, zilimaliziwa na jaribio la pili.

Sababu iko kwenye njia ya umeme ndani ya bodi. Kutoka kwenye betri umeme hupita swichi, na pengine fyuzi, kisha dayodi inayozuia betri zikipachikwa kinyume. Dayodi hiyo watu huitegemea kupita kiasi: inakinga dhidi ya kugeuza chanya na hasi, haizuii volti za ziada hata kidogo. Baada yake ndipo ilipo regyuleta, chipu ndogo ya miguu mitatu hadi mitano, inayoshusha volti hadi 5 au 3.3 kwa ajili ya prosesa, kioo na sehemu ya kurusha mawimbi.

Regyuleta za kawaida hushusha volti kwa kugeuza ziada kuwa joto. Rimoti inayotumia ampea 0.15, ikipewa volti 6 na regyuleta ya 3.3, huzalisha joto la wati 0.4 hivi. Ikipewa 12.6 joto linakuwa karibu wati 1.4, ndani ya kipande kidogo kuliko punje ya mchele. Zaidi ya joto kuna kikomo cha volti za kuingia: regyuleta iitwayo AMS1117 huvumilia hadi 15, lakini zipo regyuleta ndogo ambazo mwisho wake ni 6 tu.

Regyuleta hufa kwa namna mbili, na hapo ndipo hatima ya rimoti huamuliwa. Ikikatika ndani, umeme haupiti tena na prosesa iliyo nyuma yake mara nyingi hupona. Ikishika shoti kati ya mguu wa kuingiza na wa kutoa, volti zote za betri huingia moja kwa moja kwenye chipu za volti 3.3. Ukiwasha tena bila kupima, regyuleta iliyokuwa imejeruhiwa tu inaweza kuishia kwenye hali hiyo ya pili.

Kwa hiyo fungua kasha, betri zikiwa nje, na utazame kwa kioo cha kukuzia. Tafuta chipu yenye kitundu au malengelenge, kapasita (kifaa kinachohifadhi chaji kwa muda) iliyovimba kichwa, au bodi iliyogeuka rangi ya kahawia. Kisha weka multimita kwenye omu, kipimo cha ukinzani. Pima kati ya mguu wa kutoa wa regyuleta na ardhi ya bodi, yaani upande wa hasi. Namba inayopanda polepole hadi mamia au maelfu ya omu ni dalili njema, ni kapasita zinazojaa. Ikiganda kwenye omu moja au mbili, kuna kitu nyuma kimeshika shoti. Pima pia kati ya kuingiza na kutoa. Hapo, ukaribu wa sifuri ni habari mbaya kuliko zote.

Rimoti moja tuliyoipokea ilikuwa imepewa hizo 14500 nne. Regyuleta ilikuwa na kitundu cha ukubwa wa ncha ya pini, na kapasita ya upande wa betri, iliyoandikwa volti 10, ilikuwa imevimba. Kati ya kuingiza na kutoa mita haikusoma kitu, yaani regyuleta ilikuwa imekatika ndani. Upande wa kutoa ilitulia kwenye omu 900 hivi. Tukaing'oa regyuleta, antena ikiwa imefungwa mahali pake, tukaingiza volti 3.3 kutoka kwenye pawasaplai iliyowekewa kikomo cha miliampea 100. Kioo kikawaka, na majina ya ndege zake yote yalikuwa bado kwenye kumbukumbu. Antena nasema kwa makusudi: kurusha mawimbi bila antena kunaweza kuua sehemu ya redio ambayo betri iliisamehe.

Kubadilisha regyuleta ndiko kunakowaponza mafundi wengi wa nyumbani. Umbo kufanana si ushahidi wa miguu kufanana. Katika umbo bapa la SOT-89, mguu wa kati wa regyuleta ya HT7333 ni wa kuingiza, wa ile ya 78L05 ni ardhi. Soma alama zilizo juu ya chipu na utafute karatasi yake ya maelezo. Angalia pia inahitaji ziada ya volti kiasi gani ili ifanye kazi. AMS1117 hutaka kama volti 1.1 juu ya inachotoa. Betri nne za kuchajiwa zikishuka hadi 4.4, ukatoa kidogo kinachopotea kwenye dayodi, haibaki nafasi. Rimoti itakuwa ikijizima ndege ikiwa angani wakati betri bado zina chaji, kosa ambalo mezani hulioni.

Kapasita iliyovimba badilisha, na ukipata yenye volti kubwa zaidi inayotosha mahali pake, afadhali. Prosesa ikiwa ndiyo iliyoungua, mimi hushauri kuacha. Hata ukipata chipu ileile, inakuja tupu bila programu ya kiwandani.

Baada ya kulehemu, rekebisha upya vijiti vya kuongozea, toa mapanga ya ndege, na uhakikishe injini inazima ukizima rimoti. Kisha fanya jaribio la umbali: weka rimoti kwenye hali ya nguvu ndogo kama kitabu chake kinavyoelekeza, mtu mmoja akae na ndege, mwingine arudi nyuma akichezesha usukani. Umbali unaotakiwa umeandikwa kwenye kitabu hichohicho, kwa nyingi ni hatua 30 hivi.

Ile yetu iliyowaka vizuri mezani ilikata mawasiliano kwenye hatua ya 12. Yaelekea volti za ziada zilipenya kwa muda mfupi kabla regyuleta haijakatika, zikadhoofisha kikuza mawimbi. Hatukuirudisha kwenye ndege. Mwenyewe anaichomeka kwenye kompyuta kwa waya na kujifunzia kutua kwenye programu ya mazoezi, na juu ya kifuniko cha betri tumebandika karatasi: volti 6, AA tu.