Acheni kuniomba vitabu "vyenye mafunzo"

Ujumbe umeingia tena wiki hii, na unavyofanana na wenzake ningeweza kuuandika mwenyewe nimefumba macho: "Shikamoo dada, naomba orodha ya vitabu vyenye mafunzo kwa vijana wetu wa sekondari, na vingine vizito kidogo kwa klabu ya vitabu ya watu wazima." Marahaba. Nimeujibu kwa adabu mara nyingi mno. Leo nautolea uvivu, ili atakayeuliza tena nimtumie kiungo hiki niendelee na kazi zangu.

Nianze na ya haraka. Nakala: kitabu kinachopatikana kimoja tu, tena kwa mjomba wa mwanachama, hakiingii kwenye orodha hata kingekuwa bora namna gani. Ulizeni madukani na maktaba kwanza, ndipo mpige kura. PDF za wizi zinazozunguka kwenye magrupu sizisemei, ila msije kwangu kulalamika kwamba waandishi wa Kiswahili hawachapishwi upya. Urefu: kwa mwezi mmoja kurasa mia mbili zinatosha, zikizidi sana wenye kazi na watoto hawamalizi, wanakuja kukaa kimya na kumaliza maandazi. Kiongozi wa mjadala awe mtu anayeweza kunyamaza. Basi.

Sasa hilo neno mafunzo. Nyuma yake kuna imani kwamba kila kitabu kimefichwa jambo moja la maana, na kazi ya msomaji ni kulichimbua, kulitaja na kuondoka. Tumeitoa darasani. "Mwandishi ametufunza nini? Toa hoja sita." Siwalaumu walimu, mtihani unahitaji kitu kinachosahihishika. Lakini mtu mzima wa miaka arobaini akija klabuni bado amebeba dhamira, ujumbe na falsafa ya mwandishi kama zilivyokuwa kwenye mwongozo, kikao kinakufa ndani ya robo saa. Mmoja anasema "funzo ni kwamba tuwasikilize wazazi," wengine wanaitikia kwa kichwa, halafu mnaangaliana. Nani atabishana na hilo? Wala hakuna aliyehitaji kusoma riwaya nzima ili alijue.

Chukueni *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi, kwa sababu ndiyo ninayoulizwa kwa kunong'ona: "Hiyo si ina mambo?" Ina mambo. Ilitoka 1971, ikapigwa marufuku mashuleni, na baadaye ikawa kitabu cha kusomwa sekondari, Tanzania na Kenya pia. Riwaya ni ile ile, Rosa ni yule yule. Kilichobadilika ni wakubwa waliokuwa wakiisoma kwa niaba ya watoto. Mtu akiniambia kitabu fulani "hakina maadili" namuuliza: kwa mujibu wa mwaka gani?

Na angalieni kinavyosomeka. Mzazi akikisoma anamwona binti wa Ukerewe aliyetoka nyumbani, akaonja uhuru, akapotea. Kijana wa miaka kumi na sita anamwona Zakaria, baba mlevi anayempiga bintiye kwa ajili ya barua ya mvulana, na ambaye hajawahi kumweleza chochote kuhusu wavulana zaidi ya kumtia hofu. Wote wawili wamesoma sawasawa. Ukiwauliza funzo, mzazi atasema "mabinti watulie," kijana ataitikia hivyo hivyo kwa woga, na mjadala wote ulioko kati yao utakuwa umezikwa.

Ndiyo maana siulizi funzo. Nauliza ukurasa. "Rosa alianza kuharibikiwa ukurasa gani?" Hilo tu. Lazima kitabu kifunguliwe, lazima mtu asome sentensi kwa sauti, na lazima mwenzake aseme hapana, ni kabla ya hapo, rudi nyuma. Mmoja atasema chuoni. Mwingine atarudi hadi siku ya barua. Yupo atakayerudi nyuma zaidi, kwenye ulevi wa Zakaria kabla Rosa hajafanya lolote. Nimeona wanaume waliokuja wamenuna wakipekua kurasa kwa hasira. Swali la namna hii linafaa kwa riwaya nyingi. Lijaribuni kwa *Utengano* ya Said Ahmed Mohamed, pale Maksuudi anapomfungia bintiye Maimuna ndani kwa jina la heshima, mwone kama watu watakubaliana ni nani aliyemtupa yule msichana mtaani.

Kwa hiyo kipimo changu si ubora, na hapa ndipo wapenzi wa fasihi wanaponikasirikia. Kuna vitabu vizuri mno ambavyo klabuni havifai kitu, kwa kuwa kila mtu kavipenda kwa sababu ile ile. Mnasifiana dakika kumi, mnapanga tarehe nyingine. Mimi natafuta kitabu kitakachowaacha watu wawili wenye akili timamu hawaelewani.

Hapo kuna jambo moja ambalo sina jibu lake. Rosa anajiua. Kazimoto wa *Kichwamaji*, riwaya ya Kezilahabi ya 1974, anajiua pia. Je, kitabu cha namna hiyo kikiingia mikononi mwa kijana ambaye mwenyewe yuko gizani, kinamsaidia au kinamsukuma? Wapo wanaoapa kwamba kinamsaidia, maana amepata pa kulizungumzia. Natamani iwe hivyo, sijui. Ninachofanya ni kuwaambia vijana na wazazi mapema kilichomo, kutomlazimisha yeyote kuendelea, na kutowapa walio chini ya miaka kumi na mitano. Kumi na mitano nimeitoa wapi? Kichwani mwangu. Kuna wa kumi na tatu wanaoweza na wa hamsini wasioweza.

Turudi kwenye ule ujumbe: vijana wapewe chao, wakubwa wapewe "vizito". Mgawanyo huu kwa Kiswahili unanichekesha, kwa sababu rafu yetu ya vijana ni nyembamba sana. Mtoto anatoka kwenye hadithi za sungura na fisi, anatakiwa aruke moja kwa moja hadi riwaya ya watu wazima. Vizazi kadhaa viliruka kwa msaada wa Joram Kiango, mpelelezi wa Ben Mtobwa, na Willy Gamba, jasusi wa Elvis Musiba, vitabu vilivyosomwa chini ya dawati. Havikuwa na mafunzo ya kuandikia insha, na wengi wanaosoma leo vilikuwa vinawaweka macho usiku. Kijana asiyesoma kabisa nampa *Mzimu wa Watu wa Kale* ya Muhammed Said Abdulla, ya 1960: kuna maiti, kuna mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, na hakuna anayemhubiria mtu. Kinachofurahisha ni kwamba kwa lugha ile ya Unguja anayekwama mara nyingi ni mzazi.

Najua mtaniletea Shaaban Robert. "Mbona yeye anafundisha waziwazi, hata majina ya wahusika yanasema?" Kweli, katika *Kusadikika* ya 1951 mshitakiwa ni Karama na mshitaki wake ni Majivuno, ungedhani hakuna kilichobaki cha kujadili. Lakini someni kesi yenyewe. Karama ameshitakiwa kwa kutaka elimu ya sheria ifundishwe nchini, na utetezi wake ni hadithi za wajumbe sita waliotumwa huku na huko kutafuta mema, wakarudi nayo, wakaadhibiwa. Mwandishi alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, na nchi yake ameiweka angani. Waulizeni vijana kwa nini angani, kisha nyamazeni. Watafika wenyewe, na watafika hadi kwenye habari za leo, kwa hiyo mjiandae.

Kwa klabu yenye wazazi na watoto wao pamoja, ambayo ndiyo ninayoipenda kuliko zote, mara nyingi naanza na *Vuta N'kuvute* ya Shafi Adam Shafi. Yasmin anaozwa akiwa msichana mdogo kwa Bwana Raza, mtu mzima hasa, anatoroka, anapokelewa na Mwajuma kule Ng'ambo ya mji wa Unguja, anampenda Denge ambaye makachero wa Mwingereza wanamwinda. Watoto wanauliza kama Denge alimpenda Yasmin au alizipenda siasa zake. Wazazi wanataka kuzungumzia ndoa ile, kisha wanagundua hawataki. Filamu ya Amil Shivji ya 2021 ipo, nayo nzuri, ila aliyetazama filamu tu anajulikana kwa swali la pili.

Baada yake ni *Peponi*, ile *Paradise* ya Abdulrazak Gurnah ya 1994 aliyoitafsiri Ida Hadjivayanis mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupewa Nobeli. Yusuf anawekwa rehani kwa deni la baba yake, na mwishoni anakimbilia msafara wa askari wa Kijerumani. Kwa nini? Nimesikia majibu mengi na langu hubadilika kila ninapokisoma.

Wa miaka kumi na tatu au kumi na minne, wapeni *Siku Njema* ya Ken Walibora, safari ya kijana aitwaye Kongowea kumtafuta baba yake. Na ninyi mnaotaka vizito, kila mwaka kuna klabu inayochagua *Nagona* ya Kezilahabi kwa sababu moja tu: ni chembamba. Kitabu kile cha 1990 kinasomeka jioni moja na hakieleweki hata kwa mwezi. Nimeshaongoza vikao vyake, na bado kuna kurasa ambazo sithubutu kusema zinahusu nini. Kisomeni kwa sauti, sura moja kwa kikao, na si kabla klabu haijatimiza mwaka wa pili.