Kwenye loki kamba haifungwi, inashikwa

Juzi kijana mmoja wa Kibirizi, pale gati la boti Kigoma, aliyepata kazi kwenye boti za huko Ulaya kanipigia, kapteni shikamoo, kesho tunapita loki na mimi sijawahi, nafanyaje? Nikaona bora niandike na wengine msome.

Sisi wa Ziwa Tanganyika maji kupwa na kujaa hatuyajui, unafunga boti asubuhi jioni unaikuta vilevile. Wenzetu kuna sehemu bahari inashuka mita kadhaa ndani ya masaa sita hivi, bila geti maji ya marina (bandari ya boti ndogo) yangetoka yote boti zikalala kwenye tope. Ndo maana kuna loki, ni chumba chenye mageti mawili, unaingia, la nyuma linafungwa, maji yanapandishwa au yanashushwa mpaka yalingane na upande unaoenda, ndo la mbele linafunguliwa.

Sasa hapa mnisikilize vizuri. Ukiingia usipige fundo. Pitisha kamba kwenye nguzo ya ukutani, ncha irudi kwenye boti uishike, maji yakishuka unaachia kidogokidogo, yakipanda unavuta. Ukifunga na maji yanashuka boti inaning'inia kwa upande mmoja, hapo kamba inakatika au inang'oa chuma ilikofungiwa na kikimpata mtu ni msiba. Si mmeona pale Kibirizi boti ikishushwa saruji inavyopanda, kamba fupi inakaza mpaka inalia? Ni hivyohivyo, ila kwenye loki ni mita nzima na kwa dakika chache tu. Na usijizungushie mkononi jamani, mwenzangu mmoja alipoteza kidole kwa mchezo huohuo na tulikuwa gatini tu tumetulia. Kisu kikali kiwe karibu, kamba ikikwama unaikata.

Mtu mmoja akae omo (mbele) mwingine tezi (nyuma), wote wamevaa maboya. Fenda, yaani mito ya kukinga ubavu wa boti, ning'iniza pande zote mbili kabla hujaingia, usisubiri kujua utalalia ukuta upi. Ingia polepole taa ikiwa ya kijani, anachosema mlinzi wa loki ndo hichohicho. Boti ikisogelea ukuta usiweke mguu wala mkono, acha fenda ibondeke.

Kwenye loki za mifereji kuna kizingiti cha zege chini ya geti la juu, unaposhuka kinabaki nyuma yako na hukioni mpaka maji yapungue. Kaa mbele, mbali nacho, usukani ukikikalia boti inainama na maji yanaingia haraka sana.

Geti likifunguka msikimbilie kuachia kamba. Meli kubwa iliyo mbele ikiwasha propela inarusha maji yenye nguvu nyuma, shikilieni mpaka itoke kabisa.