Muulize Mtoto, Usimuulize Mzima

Mwanafunzi akiniletea mnyama asiyemjua ukoo wake, swali langu la kwanza ni hili: umemwona akiwa mchanga? Mzima hufinyangwa na maisha anayoishi. Anayekaa mwambani akingoja maji yamletee chakula hahitaji macho wala miguu, na akivipoteza hupotea navyo alama za ndugu zake.

Wale viumbe wenye magamba meupe kama vilima vidogo, wanaoganda kwenye miamba na chini ya meli, waliwekwa zamani pamoja na chaza na konokono. Mwaka 1830 John Vaughan Thompson alieleza alivyowaona watoto wao: waogeleaji wenye miguu ya pingili. Kumbe ni jamii ya kaa na kamba.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha tunikata, mnyama wa baharini. Mzima wake ni kama kifuko cha mpira chenye matundu mawili, moja la kuingizia maji na jingine la kuyatolea. Ukimminya hukurushia maji usoni (yamenikuta). Naye alihesabiwa moluska, yaani jamii ya chaza na konokono, hadi mwaka 1866, Mrusi Alexander Kowalevsky alipofuatilia ukuaji wake tangu yai. Alikuta kiluwiluwi mwenye mkia, neva kuu ikipita mgongoni, na chini yake notokodi, ufito unaoukaza mkia. Ufito huo umo katika kiinitete (kiumbe kinachoanza kuumbika kabla ya kuzaliwa au kuanguliwa) cha samaki, cha kuku na chako wewe, kabla uti wa mgongo haujachukua nafasi yake. Katika tunikata aitwaye Ciona una seli 40 tu. Baada ya muda mfupi wa kuogelea, kiluwiluwi hujigandisha kwa kichwa na mkia hufyonzwa mwilini. Uchambuzi wa jeni wa mwaka 2006 ulikwenda mbali zaidi: tunikata ndio ndugu zetu wa karibu kuliko amfioksi, mnyama mdogo wa baharini ambaye kwa macho hufanana sana na kisamaki.

Hii haina maana kwamba kiinitete hurudia maisha ya mababu, kama alivyodai mwanabiolojia Ernst Haeckel. Mwaka 1828 Karl Ernst von Baer alikwisha kuonyesha kwamba kiinitete chetu hakifanani na samaki mzima, bali na kiinitete cha samaki, kisha njia huachana.

Na viinitete navyo hubadilika. Tunikata mmoja, Molgula occulta, hana kabisa hatua ya mkia. Lakini mayai yake yakirutubishwa na mbegu za ndugu yake mwenye mkia, Molgula oculata, baadhi ya viinitete huota kimkia kifupi, na ndani yake mna notokodi.